Mawe Kumi na Moja

Baba hakuwa mnene. Hilo lieleweke mapema, kwa sababu nyumbani kwetu neno "mnene" lilitumika kwa paka, kwa godoro na kwa mke wa jirani, lakini halikutumika kwa baba. Baba alikuwa na mwili. Mama ndiye aliyesema hivyo, "baba yenu ana mwili," kana kwamba sisi wengine tulikuwa tukitembea bila.

Tulikaa mtaa wa Jericho, mashariki mwa jiji, kwenye nyumba ya vyumba viwili na jiko, watu wa kutoka magharibi kama nusu ya majirani zetu. Baba alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja huko Industrial Area, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Mwishoni mwa miaka ya sabini kanisa letu lilifungua tawi Njiru, mbali kule kwenye barabara ya Kangundo, ambako siku hizo palikuwa na mashimo ya kuchimba mawe ya kujengea, nyasi, na nyumba za kuhesabika. Baba akapewa tawi hilo alilee. Na kwa kuwa hakuna gari lililofika pale pa kanisa, akajinunulia pikipiki.

Ilikuwa pikipiki ya porini, ndefu, yenye tairi za meno na madigadi ya mbele iliyoinuliwa juu ili tope lisikwame. Aliinunua kwa mzungu mpima ardhi aliyekuwa akirudi kwao. Nilimwona huyo mzungu siku aliyoileta. Ungeweza kumkunja ukamtia kwenye bahasha, na stempu moja ingetosha. Alitukabidhi ufunguo, spana chache na kitabu cha maelekezo cha Kiingereza, akampa baba mkono, akamtazama toka juu hadi chini, akaitazama pikipiki, kisha akaondoka bila kusema alilokuwa akiliwaza.

Jumapili ya kwanza tulielewa alilokuwa akiliwaza. Baba alipanda, pikipiki ikashuka. Ilishuka kama ngamia anayepiga magoti, isipokuwa ngamia huinuka tena. Kila ilipopita kwenye kijishimo, tairi la nyuma liligusa madigadi na kutoa mlio, "krrrr!", uliosikika mpaka kwenye kona ya tatu. Majirani walizoea. Mama akisikia mlio huo Jumapili alasiri aliteleka maji ya ugali jikoni.

"Hii barabara imeharibika sana," baba alisema kila aliporudi, akijishika kiuno. Mvua ilimkosea, malori ya mawe yalimkosea, halmashauri ya jiji ilimkosea. Uzito wake haukutajwa. Mama peke yake ndiye aliyeujua. Siku moja walikuwa wameenda pamoja kwenye kinu cha posho, baba akapanda kwenye mizani ya magunia kwa mchezo tu. Ikasoma kilo mia moja na kumi. Akashuka, akamwambia mwenye kinu kwamba mizani yake imekufa na aitafutie fundi.

Sasa niseme habari zangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, taipisti kwenye ofisi moja mjini, na nilikuwa na kasoro moja ambayo estate nzima iliijua isipokuwa mimi mwenyewe: sikukosea kamwe. Nikichelewa, saa ya ukutani ndiyo iliyokuwa mbele. Nikiunguza wali, sufuria lilikuwa jembamba. Ndugu zangu waliacha kubishana nami mapema sana maishani, na mimi nikadhani wamenikubali.

Nilikuwa pia na mchumba. Alikuwa fundi wa pikipiki, mtu wa kutoka mkoa wa kati, mwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko la Kariokor, katikati ya washonaji wa viatu vya tairi. Aliacha shule darasa la nne baba yake alipougua. Kiswahili alikisoma vizuri, Kiingereza alikifahamu kwa kusikia tu, lakini mpe injini afumbe macho na akuambie kinachoiuma. Jioni nikitoka kazini alinipakia kwenye kerea ya baiskeli yake, tukapita Shauri Moyo na Burma, akanishusha kabla ya kona ya mwisho ili baba asituone. Baba alijua kwamba kuna kijana. Kuhusu baiskeli hakujua. Ndivyo tulivyoamini.

Nilipomwambia baba kwamba huyo kijana angependa kuwaleta wazee wake, hakusema ndiyo na hakusema hapana. Alimaliza paja la kuku, akanawa mikono, akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Hao watu wa kwao wanajua hesabu," alisema. "Kula kuku ndio hawajui. Lakini hayo si neno. Mtu anayetaka kuchukua msichana wangu, mimi nataka nione mkono wake kwanza. Si ni fundi? Atengeneze pikipiki. Nikienda Njiru na kurudi bila hiyo kelele, wazee wake waje mwisho wa mwezi."

"Na kelele ikibaki?"

"Basi wasijisumbue."

Ndivyo ndoa yangu ilivyotundikwa kwenye springi mbili za nyuma. Siku ya pili nilikwenda Kariokor saa ya chakula cha mchana na kitabu cha mzungu mkobani, nimejaa furaha, maana kazi yenyewe niliiona ndogo.

Fundi wangu alinieleza kwa kuchora kwenye vumbi kwa bisibisi. Kila springi ya nyuma ina pete chini yake, na hiyo pete ina ngazi tano. Ukiizungusha kwa spana yenye ndoano, inapanda ngazi na kuibana springi, kwa hiyo mtu mzito akikaa haizami sana. Mbele vilevile: ndani ya yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu kuna springi na oili, na mtu mzito huongezewa kipande cha bomba juu ya springi, na oili nzito zaidi.

"Lakini lazima izame kidogo," alisema. "Ikikataa kuzama, itamrusha fathee wako kama gunia. Ikizama yote, hakuna nafasi imebaki ya kumeza shimo. Tunataka izame kama thuluthi hivi, ibakishe mbili."

"Utajuaje imezama thuluthi?"

"Ni rahisi. Anakaa, mimi ninashika utepe hapa nyuma, ninapima kutoka ekseli mpaka chini ya kiti." Hapo akaweka bisibisi chini. Alikuwa ameona picha aliyokuwa akiichora. "Hapana. Haiwezekani, bana. Nipige magoti nyuma ya fathee wako na utepe, nachungulia hapo? Na bado sijaleta hata mbuzi moja?"

Nilikubaliana naye. Kwetu mkwe hata salamu ya mkono huiwazia mara mbili. Kwenda kumpigia baba mkwe magoti upande huo, na utepe mkononi kama fundi cherehani anayepima suruali, kungekuwa mwisho wa habari. Wala hakukuwa na wa kumwuliza baba kilo zake. Basi nikafanya nilichokuwa nikifanya siku zote mafundi wanapokwama. Nikafungua kitabu.

"Kitabu kinasema kila kitu," nilimwambia. "Nyinyi mnapenda tu kukisia."

Na kweli kulikuwa na jedwali. Upande mmoja uzito wa mpandaji, upande wa pili ngazi ya pete. Tatizo ni kwamba uzito haukuandikwa kwa kilo. Uliandikwa kwa "stone". Stone nane hadi kumi, ngazi ya kwanza. Kumi hadi kumi na mbili, ngazi ya pili. Kutoka hapo stone moja moja, hadi kumi na tano, ngazi ya tano.

"Stone ni nini hapo?" fundi aliniuliza.

"Ni jiwe," nilisema.

"Jiwe gani?"

Mtu mwingine angesema sijui. Mimi nilifikiri kwa muda wa kufunga mkoba. Mawe ya mizani! Kila mtu aliyewahi kununua nyama anayajua: yale mawe ya chuma ambayo mwenye duka anayapanga upande mmoja wa mizani, na nyama upande wa pili. Kwa Kiswahili tunayaita mawe hata kama ni chuma, kwa nini Waingereza wasiyaite hivyo? Jambo lilikuwa wazi kabisa. Kilichobaki ni kujua jiwe moja ni kilo ngapi.

Jioni ile nilimwambia fundi asimamishe baiskeli Burma. Niliingia kwa mwenye bucha tuliyemzoea, mtu mcheshi mwenye aproni iliyosahau rangi yake, nikamwuliza jiwe ni kilo ngapi.

"Inategemea jiwe gani, mama. Hili kilo, hili mbili, hili tano."

"Kubwa. La kupimia mtu."

Alinitazama, akamtazama fundi wangu aliyekuwa amesimama nje na baiskeli. "Huyo unataka kumnunua?" Kisha akavuta kutoka chini ya meza jiwe lake kubwa la kupimia ng'ombe mzima, akalipigapiga mgongoni. "Hili ni kumi."

Kumi! Na hesabu ilikubali yenyewe. Mama alikuwa amenipa siri ya kinu cha posho: kilo mia moja na kumi. Gawanya kwa kumi. Baba yangu alikuwa mawe kumi na moja. Ngazi ya pili. Kati ya nane na kumi na tano, karibu katikati kabisa.

Fundi alikuna kichwa. "Ngazi ya pili? Mzee mwenyewe namwona, na hizo springi naziona. Mimi ningeanza na ya nne."

"Nani amesoma kitabu, wewe au mimi?"

Akapaki ulimi wake. Nimekuwa nikimwonea huruma kwa ajili ya jioni hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini, na yeye anasema hata haikumbuki vizuri. Anasema uongo.

Jumamosi alikuja nyumbani na spana yake, akainamia pikipiki uani, akapandisha pete kutoka ngazi ya kwanza, aliyoiacha mzungu, hadi ya pili. Baba alisimama kando na mikono nyuma.

"Umejuaje ni ya pili?" aliuliza.

"Kitabu, mzee. Kina orodha ya watu na uzito. Kinasema wewe uko mtu wa katikati. Wa kawaida."

Sijawahi kumwona baba akipokea habari namna ile. Alimwomba arudie. Kisha akamwita mama kutoka jikoni ili fundi arudie mara ya tatu. "Mtu wa kawaida," baba alisema. "Kumbe pikipiki yenyewe ilitengenezwa ikimngoja mtu kama mimi. Yule mzungu ndiye aliyekuwa na kasoro." Mama alirudi jikoni haraka, na nilimsikia akikohoa huko ndani kwa muda mrefu. Baba alimpa fundi paja la kuku kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo kwetu si dogo, na fundi akalila lote mpaka mfupa ili kuitetea heshima ya watu wa kwao.

Jumapili ile baba aliondoka asubuhi akiwa amevaa suti ya rangi ya kijivu. Kona ya kwanza hatukusikia kitu. Kona ya pili, kimya. Nilimtazama mama kwa macho ya ushindi na nikaanza kuwaza gauni.

Yaliyotokea Njiru tulisimuliwa na wengi, na wote wanakubaliana kwenye mambo makubwa. Karibu na mashimo ya mawe kulikuwa na bonde ambalo malori yalikuwa yamelichimba kwa magurudumu. Zamani baba alishuka pale, akaisukuma pikipiki. Siku ile, kwa kuwa alikuwa mtu wa kawaida, hakushuka. Kwaya ilikuwa imetoka kumpokea barabarani na ilikuwa katikati ya ubeti wa pili. Baba aliingia bondeni kwa mwendo mzuri. Pikipiki ikazama ikafika mwisho, tairi likaing'ata madigadi, likaing'oa, na baba akabaki ameketi kwenye vumbi jeupe la mawe na suruali imepasuka nyuma, huku pikipiki ikiendelea mbele peke yake kama inayokwenda kumwakilisha. Kwaya haikuacha kuimba. Wanasema ubeti wa tatu ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Hakuumia, isipokuwa mahali ambapo mzee wa kanisa haonyeshi mtu. Alirudi saa kumi juu ya lori la mawe ya kujengea, amekaa wima kati ya mawe, pikipiki imelala kando yake. Estate nzima ilitoka nje kuangalia. Alishuka, akapita bila kumsalimu mtu, akaingia ndani, akaomba mto wa kukalia.

"Mwambie kijana wako," aliniambia, "wazee wake wasijisumbue."

Nililia. Nililia kwa hasira kwanza, nikimlaumu fundi, kwamba bila shaka hakuifunga pete vizuri. Jumatatu asubuhi, ili nipate ushahidi wa kumkabili nao, nilimwuliza karani mkuu wa ofisini kwetu, mama wa Kigoa aliyekaa Uingereza miaka mingi, "stone" moja ya huko ni kilo ngapi.

"Sita na kidogo," alijibu bila kuinua macho. "Mimi ni tisa. Kwa nini?"

Nilirudi kwenye mashine yangu, nikagawanya nyuma ya karatasi ya kaboni. Nikagawanya tena. Baba alikuwa mawe kumi na saba na kitu. Jedwali, nilivyolikumbuka, liliishia kumi na tano, na chini yake palikuwa na mstari mdogo ambao sikuwa nimejisumbua kuusoma, na ambao baadaye niliukuta ukisema: kwa mpandaji anayezidi hapo, badilisha springi.

Saa ya chakula nilikwenda Kariokor bila kula. Nilimweleza fundi nikiwa nimesimama, kwa sauti ndogo, nikitazama viatu vya tairi vilivyotundikwa kibanda cha pili. Nilitegemea akasirike, na nilikuwa nimeandaa majibu. Badala yake alicheka. Alicheka akaushika ukuta wa mabati, mabati yakacheka naye, washonaji wa viatu wakaja kuuliza kuna nini.

"Jiwe la kupimia ng'ombe!" alisema akijifuta macho. Kisha akatulia. "Sikia. Usimwambie fathee. Nitakuja leo jioni, nitamwambia nilisoma vibaya. Mimi fundi, makosa ni ya fundi. Wewe ni msichana wake, akikukasirikia mtakaa naye nyumba moja."

Naandika hivi kwa aibu, hata sasa: nilikubali. Nilikubali upesi, kabla hajamaliza kusema.

Alikuja saa kumi na moja jioni akiwa amevaa shati lake safi. Baba alikuwa sebuleni juu ya mto, na mbele yake mezani palikuwa na kile kitabu cha mzungu. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya pazia na sinia la chai.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi," nilimsikia fundi. "Makosa ni yangu. Nilisoma kitabu vibaya."

"Ulisoma vibaya."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nimepima magunia ya wakoloni kwa ratili kabla nyinyi hamjazaliwa," baba alisema polepole. "Stone ni ratili kumi na nne. Mtoto wa stoo anajua. Jana ndipo nilipofungua kitabu hiki kwa mara ya kwanza, na kosa langu ni hilo, kwamba nilipoambiwa mimi ni wa kawaida sikutaka kuuliza zaidi." Nikasikia kitabu kikisukumwa mezani. "Sasa nisomee hapa. Huu mstari."

Kupitia upenyo wa pazia nilimwona fundi akikishika kitabu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Aliutazama ule mstari. Alijua, na baba alijua, na mimi nilijua kwamba hatausoma hata akipewa mpaka Pasaka. Angeweza kusema. Neno moja tu, kunitaja, na aibu ile ingemtoka. Hakulisema. Aliendelea kuutazama mstari.

Nilitamani ardhi inimeze. Halafu nikaona kwamba ardhi hainimezi, na chai inapoa. Nikasukuma pazia kwa kiwiko, nikatoka na sinia.

"Ni mimi, baba," nilisema. "Mimi ndiye nilisoma. Yeye alitaka ngazi ya nne, nikamkataza. Mawe nilimwuliza mwenye bucha. Nimekosa."

Hilo neno la mwisho lilinitoka likiwa limekauka, kwa kuwa halikuwa limewahi kutumika. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Baba alinitazama, akamtazama fundi, akanitazama tena.

"Miaka ishirini na miwili," alisema. "Toka umezaliwa sijasikia neno hilo kinywani mwako. Mama yako amekuombea, mimi nimekuchapa, mwalimu amekuchapa." Akamgeukia fundi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kwa dhati. "Wewe umemfanyaje?"

Baba aliinuka, akashika kiuno, akatoka uani. Tulimsikia akiita. Tulipofika alikuwa ameketi juu ya pikipiki isiyo na madigadi, miguu imeinuliwa, pikipiki imezama chini yake hadi mwisho, na majirani wanatazama kutoka kila dirisha.

"Leta utepe," alimwambia fundi. "Piga magoti, upime. Mkwe au si mkwe, mgongo unaouma ni wangu. Na wewe," akaniambia mimi, "shika usukani, pikipiki isianguke. Usisome kitu."

Alipimwa mbele ya watu wote, na namba ikasemwa kwa sauti, na hakuna aliyekufa. Wiki ile fundi alizunguka mpaka akapata springi mbili nene kutoka kwenye pikipiki kubwa iliyokuwa imeharibika. Alikata vipande viwili vya bomba, akavitia mbele juu ya springi, akamwaga oili ya zamani na kutia nzito. Jumamosi alimpima baba tena uani, mara tatu, akipandisha na kushusha pete. Ilizama thuluthi. Akarudisha madigadi iliyonyooshwa kwa nyundo, akaweka alama mbili za rangi kando ya pete.

"Nyeupe ni ukiwa peke yako, mzee," alisema. "Ukimbeba huyu," akanionyesha kwa kidevu, "zungusha mpaka nyekundu."

Baba aliinama akazitazama hizo alama. Habari ya wazee kuja au kutokuja hakuigusia, na usiku huo sikupata usingizi.

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta ameinama na ile spana ya ndoano, anazungusha pete. Aliifikisha kwenye nyekundu. "Panda," aliniambia. Nikapanda kwa upande na gauni langu la kanisani, nikamshika baba kiasi nilichoweza kumshika, maana mikono yangu haikufika kuzunguka.

Tulikwenda mpaka Njiru bila mlio. Kwenye lile bonde la malori kwaya ilikuwa imesimama ikingoja, na nadhani wengine walikuwa wamekuja mahususi kuona. Baba hakushuka. Tuliingia bondeni, pikipiki ikashuka taratibu, ikapumua, ikapanda upande wa pili. Kwaya ilisahau kuimba.

Baba alisimama juu ya kilima, akazima injini. Alikaa hivyo kidogo, akainua mwili na kuuketisha tena, mara mbili, akiisikiliza springi. Kisha akageuza shingo.

"Imepimwa vizuri hii," alisema. "Si kwangu tu. Kwetu sisi wawili. Haikuzidi, haikupungua."

"Ndiyo, baba."

"Uzito wangu aliupata kwa utepe. Nilimwona, na Jericho yote ilimwona." Akangoja. "Wako aliupata wapi?"

Ningeweza kusema baiskeli. Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa mdomoni. Lakini baiskeli hiyo tulimficha muda wote, na kila nilipoliangalia jibu hilo niliona linaharibu zaidi kuliko linavyotengeneza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na maelezo. Nilitazama mashimo ya mawe.

Baba akawasha pikipiki.

"Mwambie wazee wake waje Jumamosi hii," alisema. "Mwisho wa mwezi ni mbali sana."